Maneno ya Chuo Yana Bei: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya Zetu Marekani

Waheshimiwa wenyeviti wa jumuiya, wachungaji na mapadri, mashehe na maimamu, mama zetu viongozi wa vikundi, nanyi kaka na dada mliotangulia chuoni,

Nawaandikia kuhusu vijana wetu, na watu wazima pia, watakaoanza masomo katika vyuo vya jamii mwezi Agosti. Wamo waliomaliza sekondari hapa hapa: Louisville, Boise, Dayton, Houston, au Portland ya Maine. Wamo waliosoma kambini, Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo au Kakuma kwa mtaala wa Kenya, wakafika Marekani wakiwa na familia, na sasa wamechoka kufunga maboksi ghalani usiku kucha. Wote tunawapigia makofi siku wanapotangaza kwamba wamepata chuo. Baada ya makofi, kila mmoja anaachwa ajitafutie njia.

Ombi langu ni kwamba kabla hawajaketi mbele ya kompyuta ya usajili, jumuiya iwafundishe maneno ya chuo. Sizungumzii Kiingereza; wengi wao wanakijua kutuzidi. Nazungumzia yale maneno kama ishirini hivi ya usajili, alama na fedha, ambayo mtu anaweza kuyasoma bila kukwama na bado asijue ameahidi nini alipobonyeza kitufe. Kila moja lina bei, ama ya dola ama ya muhula mzima. Nitayapitia makubwa yake hapa ili barua hii iweze kusomwa kwa sauti mnapokutana.

Nianze na chuo chenyewe, maana bado tunasikia mtu akisemwa kwamba "yuko kachuo tu." Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa vyeti vya ufundi na digrii za miaka miwili, na krediti zake zinaweza kumpeleka mtu chuo kikuu. Joliet, katika jimbo la Illinois, ndicho kikongwe kuliko vyote vya umma vya aina hii; kilianza mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchini kote, karibu na watu na kwa gharama ndogo. Leo viko kama elfu moja. Tennessee, kuanzia wahitimu wa sekondari wa 2015, na Maine, tangu 2022, zina mipango inayowaondolea ada vijana waliotoka sekondari. Karibu vyote vina mlango wazi: ukiwa na cheti cha sekondari au cheti mbadala cha GED, unaingia. Kwa kuwa kuingia ni rahisi, hakuna anayekusimamisha mlangoni akueleze masharti. Unayajua masharti ukiwa ndani, mara nyingi kupitia barua ya deni.

Neno la kwanza ni krediti. Mwanafunzi mpya akiona "krediti 3" anadhani ni saa tatu za kukaa darasani. Kwa hesabu ya kawaida, krediti moja ni saa moja ya darasa na saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Somo la krediti 3 basi linakula saa 9 za wiki. Aliyechukua krediti 12 amejipa kazi ya saa 36. Mjumlishieni saa 40 za kiwandani, zinakuwa 76, na hapo hajapika, hajalala, hajampeleka mtoto kliniki. Watu wetu wengi wanaoanguka muhula wa kwanza hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwapigia hesabu hii mezani kabla ya kusaini.

Ndani ya neno hilo kuna jingine: mwanafunzi wa muda wote. Kwa msaada wa fedha wa serikali, krediti 12 kwa muhula zinatosha kukuita hivyo. Lakini digrii ya miaka miwili kwa kawaida inadai krediti 60, na 12 mara mihula minne ni 48. Anayetaka kumaliza kwa miaka miwili anahitaji krediti 15 kila muhula, au asome na kiangazi. Katika jimbo la Washington, ambako vyuo vingi hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula, digrii hiyo hiyo huhesabiwa krediti 90, kwa hiyo anayehama jimbo asishtuke akiona namba zimebadilika. Kumaliza kwa miaka mitatu au minne si aibu. Aibu ni yetu, kumwahidi mzazi miaka miwili bila kuhesabu.

Tuje kwenye alama, ambako shule tulizotoka zinatudanganya bila kukusudia. Kongo, asilimia 50 ni kufaulu, na mwenye 65 anapongezwa. Tanzania, mtihani wa kidato cha nne hutoa A kuanzia 75 na C kuanzia 45. Hapa, walimu wengi hutoa A kuanzia 90, B kuanzia 80, C kuanzia 70, D kuanzia 60, na chini ya hapo ni F. Kwa hiyo mama aliyesoma Uvira akiambiwa na mwanawe kwamba amepata 65, anamshukuru Mungu. Mtoto ana D. Na D mara nyingi haikubaliwi na chuo kikuu unakotaka kuhamia, wala haikufungulii somo linalofuata.

Alama hizo hugeuzwa kuwa GPA, yaani wastani wa alama zako. Waliosoma vyuo vikuu vya Tanzania wanaijua GPA ya kufika 5; hapa mwisho ni 4. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, na kila alama huzidishwa kwa krediti za somo. Mfano: Kiingereza cha krediti 3 umepata B, ni pointi 9. Hesabu za krediti 4 umepata C, ni 8. Saikolojia ya krediti 3 umepata A, ni 12. Somo la afya la krediti 2 ulilipuuza kwa kuwa dogo, ukapata F, ni 0. Jumla ni 29. Gawanya kwa krediti 12, unapata 2.42. Kama lile somo dogo lingepata B, ungekuwa na 2.92. Wafundisheni vijana wapige hesabu hii wenyewe kwa karatasi na kalamu. Anayejua namna namba yake inavyotengenezwa hasubiri mwisho wa muhula ndipo ashtuke.

Kabla ya masomo kuna jaribio la kupanga ngazi. Vyuo vingi vimekuwa vikitumia lile la Accuplacer. Watu wetu huambiwa, "Si mtihani, huwezi kufeli," nao huenda kulifanya wakitoka zamu ya usiku, bila kupitia hesabu hata kidogo. Ni kweli hakuna kufeli. Lakini matokeo yake yanaweza kukupeleka kwenye masomo ya maandalizi, ambayo mara nyingi hubeba namba chini ya 100, hulipiwa kama masomo mengine, na krediti zake hazihesabiwi kwenye digrii. Mihula miwili ya namna hiyo inatosha kumkatisha mtu tamaa na kumaliza fedha zake. Majimbo kadhaa yameliona tatizo hili. California ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvibana vyuo vya jamii visiwarundike wanafunzi katika masomo ya maandalizi bila ushahidi, na kuvitaka viangalie alama za sekondari. Kwa hiyo kijana aulize maswali matatu kabla ya kufanya jaribio: Je, alama zangu za sekondari zinaweza kutumika badala yake? Naweza kurudia jaribio? Na je, kuna somo la kawaida linaloambatana na kipindi cha msaada, ili nisome vyote kwa muhula mmoja? Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, na hapa kuuliza kunaokoa mwaka.

Sasa fedha. Nawaomba viongozi mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu katika jumuiya zetu kuna usemi unaozunguka kwamba watu "wanaenda shule kuchukua hela." Usemi huo umewaingiza wengi kwenye madeni.

FAFSA ni fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Ni ya bure. Anayekutoza dola mia kukujazia anakuuzia kitu cha bure. Hujazwa upya kila mwaka, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo anayesubiri Agosti amechelewa kwa baadhi ya misaada ya majimbo na ya vyuo. Kutoka hapo chuo hutuma barua ya msaada, na hapo ndipo penye mtego: vitu vitatu tofauti hukaa kwenye karatasi moja, vyote vikiitwa msaada.

Cha kwanza ni ruzuku. Kubwa yake ni Pell, kwa wenye kipato kidogo. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395. Ruzuku hairudishwi ukisoma hadi mwisho wa muhula. Lakini Pell ina ukomo wa maisha: mihula 12 ya muda wote, basi. Aliyeitumia akirukaruka kati ya fani atafika chuo kikuu akiwa ameimaliza.

Cha pili ni mkopo, nao ni wa aina mbili. Upo ambao serikali inakulipia riba ukiwa masomoni angalau nusu ya muda, na upo ambao riba yake inaanza kuhesabika tangu siku pesa zinapotoka. Yote miwili hulipwa, hata usipomaliza masomo, hata usipopata kazi. Kwa Waislamu wetu suala la riba ni la imani pia, na wana haki ya kuonyeshwa ni mstari upi una riba na upi hauna kabla ya kubonyeza "nakubali yote." Mtu anaruhusiwa kukubali ruzuku na kuukataa mkopo. Wengi hawajui.

Cha tatu ni ajira ya chuoni. Imeandikwa kwa kiasi cha dola, lakini hizo dola hazipo mpaka utafute kazi hiyo, uifanye, ulipwe kwa saa ulizofanya. Usizipangie matumizi mapema.

Chuo kikishakata ada, kinachobaki hurudishwa kwa mwanafunzi. Hizo ndizo "hela za shule" zinazosemwa. Ni za vitabu, nauli, chakula na pango wakati unasoma. Hazikutolewa bure bure, na kama sehemu yake ilitoka kwenye mkopo, umepokea deni lako mwenyewe.

Mkishaelewa hapo, mtaelewa kwa nini maneno matatu ya kuacha somo ni ya hatari kuliko yote. Kuna kuondoa somo katika siku za mwanzo: linafutika, halionekani kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo yako, na kwa kawaida ada yake inarudi. Kila chuo kina tarehe yake, nayo hufika haraka, pengine wiki ya kwanza au ya pili. Kuna kujitoa baada ya tarehe hiyo: unapewa herufi W, GPA haiguswi, lakini ada mara nyingi hairudi na somo linahesabiwa kwamba ulilijaribu. Na kuna kuacha tu kwenda. Hili la tatu ndilo letu. Gari limeharibika, mtoto ameugua, meneja amebadilisha zamu, basi mtu ananyamaza, akidhani chuo kitajua mwenyewe. Chuo kinampa F. Kutokwenda darasani si kujitoa. Kujitoa ni kwa fomu.

Hata anayejitoa kwa fomu lazima ajue kanuni ya asilimia 60. Ukiacha masomo yote kabla ya muhula kupita asilimia 60, msaada wa serikali unahesabiwa kwa siku ulizosoma. Chukueni mfano wa binti aliyepewa Pell kamili, kama dola 3,700 kwa muhula, akaacha masomo yote mwishoni mwa wiki ya sita kati ya 15. Amefika asilimia 40. Dola kama 2,200 hazikuwa zake. Chuo kinairudishia serikali sehemu yake, kisha kinamdai binti ada iliyobaki wazi. Asipolipa, akaunti yake inawekewa zuio. Hawezi kusajili somo lingine, na mara nyingi deni linapelekwa kwa wakusanya madeni. Miaka mitatu baadaye anataka kurudi, mlango umefungwa kwa deni asilolikumbuka. Angevumilia hadi wiki ya kumi, au angeacha somo moja tu badala ya yote, hesabu ingekuwa nyingine. Uamuzi kama huu haupaswi kufanywa peke yako usiku kwenye simu. Aende kwanza ofisi ya msaada wa fedha, aulize: nikiacha leo, nitadaiwa kiasi gani?

Pia serikali inadai maendeleo ya kuridhisha. Kila chuo kina sera yake ndani ya kanuni hizo, lakini kwa kawaida ni GPA isiyopungua 2.0, kumaliza takriban asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na kutovuka asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa digrii ya krediti 60, maana yake ukifika krediti 90 za kujaribu, msaada unakoma. Kila W na kila F inaingia kwenye hesabu ya ulizojaribu. Aliyepoteza msaada ana haki ya kukata rufaa, akieleza kilichotokea, kama ugonjwa au msiba, na kilichobadilika. Rufaa ni barua tu, na mnao watu wa kuwasaidia kuiandika.

Jambo jingine ni jina la programu. Katika kila jumuiya nimesikia, "Binti yetu anasomea unesi." Mara nyingi anasoma masomo ya kuelekea uuguzi, na programu yenyewe ya uuguzi ina maombi yake, mtihani wake wa kuingilia, na nafasi chache zinazogombewa kwa GPA. Mlango wazi wa chuo hauhusu mlango huo. Ndiyo maana lile F la somo la krediti 2 linaweza kumfungia unesi miaka miwili baadaye. Asaidiwe pia kutofautisha mhudumu msaidizi wa wagonjwa, ambaye mafunzo yake ni ya wiki kadhaa, na muuguzi aliyesajiliwa, ambaye lazima amalize programu iliyoidhinishwa kisha apasi mtihani wa leseni wa NCLEX. Wa miaka miwili na wa miaka minne wanafanya mtihani huo huo.

Digrii za miaka miwili nazo, ambazo huku huitwa asosieti, zinatofautiana. Zipo za sanaa na za sayansi, AA na AS, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuendelea chuo kikuu. Ipo ya matumizi, AAS, iliyotengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini. AAS ni nzuri kwa fundi wa mitambo au wa eksirei, lakini anayetaka kuendelea hadi shahada anaweza kukuta krediti nyingi hazikubaliki. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali kuu ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani kama asilimia 43 ya krediti zao. Dawa ni kuanza na mwisho: kijana achague chuo kikuu anachokitaka tangu muhula wa kwanza, kisha aombe makubaliano ya maandishi kati ya vyuo hivyo viwili yanayoonyesha somo gani linakubalika kama somo gani. "Nadhani itahamishika" si makubaliano, hata ikisemwa na mshauri mwenye tabasamu.

Kuna pia adabu tuliyolelewa nayo, ambayo hapa inatugharimu. Kwetu, mwalimu akikuita ofisini kuna kosa, na mwanafunzi mwenye heshima hamsumbui mkubwa. Kijana wetu akiona kwenye silabasi "saa za ofisi, Jumanne saa nane hadi saa kumi," anaelewa kwamba huo ni muda wa mwalimu kufanya kazi zake. Kumbe ni muda uliotengwa kwa ajili yake: aingie bila kosa lolote, aseme "sikuelewa ukurasa huu," atoke na maelezo. Wenzake wanaingia, yeye anaogopa jina Profesa, kwa kuwa Dar es Salaam au Lubumbashi profesa ni mtu wa cheo kikubwa, wakati huku hata mwalimu wa muda anaweza kuitwa hivyo. Waambieni vijana: kwenda ni heshima, kukaa kimya ndiko kunakohesabiwa kuwa kutojali.

Na silabasi yenyewe si karatasi ya kupamba faili. Ndiyo mapatano ya muhula: tarehe za mitihani, uzito wa kila kazi, adhabu ya kuchelewa, idadi ya siku unazoweza kukosa. Mwalimu hatakukumbusha, kwa sababu kwa mujibu wake alishakuambia siku ya kwanza.

Adabu nyingine ni ya kunakili. Wengi wetu tulifundishwa kwamba jibu zuri ni lile lililofanana na kitabu neno kwa neno. Aliyekariri vizuri ndiye aliyesoma vizuri. Hapa, kuandika maneno ya kitabu, ya rafiki au ya kompyuta bila kutaja yalikotoka kunaitwa wizi wa kitaaluma, na adhabu inaweza kuwa sifuri, F ya somo zima, au kufukuzwa. Vijana wetu wameadhibiwa kwa kufanya kile walichosifiwa kukifanya kambini. Waelezwe mapema, bila kuwaita wezi, kwamba maneno ya mtu yanafungiwa alama za kunukuu na jina lake linatajwa.

Wazazi nao wana neno lao. Kuna sheria ya mwaka 1974, FERPA, inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi. Akishaingia chuo, haki hiyo ni yake, hata kama ana miaka 17. Mama akifika ofisini kuuliza matokeo ya mwanawe, kwa kawaida atajibiwa kwamba hawawezi kumwambia chochote. Si dharau, wala si ubaguzi kwa sababu ya kilemba chake au lafudhi yake. Mwanafunzi akitaka, anaweza kusaini fomu ya kuruhusu mzazi aelezwe. Nashauri mazungumzo hayo yafanyike nyumbani, taratibu, wakati mambo ni mazuri. Mzazi asiyejua sheria hii hukaa mwaka mzima akiambiwa "naendelea vizuri," na kijana mwenye aibu hana wa kumsaidia kubeba siri yake.

Najua mtauliza: je, hii si kazi ya vyuo? Ndiyo, ni yao. Wanao washauri wa masomo, wanalipwa kwa kazi hiyo, na tunapaswa kuwadai maelezo ya Kiswahili kwa mambo ya fedha na ya kujitoa, hasa katika miji ambako watu wetu wanajaza madarasa. Chuo cha Southern Idaho kule Twin Falls kiliendesha kituo cha kuwapokea wakimbizi kwa miaka mingi, jambo linaloonyesha kwamba chuo cha jamii kikitaka kinaweza kuwafahamu majirani zake. Lakini mshauri mwenye foleni ya wanafunzi mlangoni ana dakika chache kwa kila mmoja, naye hujibu kile alichoulizwa. Asiyelijua neno hawezi kuliuliza. Hapo ndipo sisi tunapohitajika.

Tena uwezo tunao. Msiba ukitokea, ndani ya siku moja tuna kamati, mweka hazina, orodha ya michango na gari la kwenda kumpokea ndugu uwanja wa ndege. Hatusubiri ofisi yoyote ituagize. Naomba mpango kama huo kwa wanafunzi, wenye mambo matatu.

La kwanza, jioni moja mwezi Julai na nyingine Desemba, kanisani, msikitini au katika ukumbi wa jumuiya. Waliotangulia wafundishe, wanaoanza wasikilize, wazazi wawepo. Andaeni karatasi moja: neno la chuo upande huu, maelezo ya Kiswahili upande wa pili, na katikati swali la kuuliza ofisini. Waliosoma Kifaransa waelezwe na wenzao waliosoma Kifaransa, maana wanachokidhania hakifanani na wanachokidhania waliosoma Kenya.

La pili, kila anayeanza apewe mtangulizi mmoja, kaka au dada wa kumpigia simu. Kazi ya mtangulizi ni ndogo: awepo kwenye simu wakati wa kukubali msaada wa fedha, wiki ya kwanza ya masomo, na siku yoyote mwenzake anapofikiria kuacha. Nanyi mliotangulia, nawaambia kwa upendo: wengi wenu mna W na F kwenye transkripti zenu, mkazificha. Zifungueni mbele ya wadogo zenu. Zitawafaa kuliko picha zenu za mahafali.

La tatu, viongozi mkomeshe maneno ya "hela za shule" kutoka mimbarini na kwenye vikao. Semeni waziwazi kwamba ni msaada wenye masharti, na kwamba anayejiandikisha ili achukue salio kisha atoweke anajifungia mlango mwenyewe na kulichafua jina la wengine.

Mkiweza kufanya moja tu mwaka huu, fanyeni hili. Pigeni simu chuo kilicho karibu nanyi, ofisi ya msajili, muulize tarehe ya mwisho ya kuondoa somo bila kudaiwa ada, na siku ambayo muhula unapita asilimia 60. Ziandikeni tarehe hizo mbili. Zisomwe kwenye matangazo ya Jumapili na baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na harusi na michango, mpaka zipite.

Ndugu yenu katika utumishi,
Mkalimani wa Kiswahili